Vichupa Sita Kwenye Friji ya Gesi

Jumatatu, tarehe 11

Binti yangu kanipa daftari hili, kalamu, na kipimajoto. Kasema, "Baba, kila asubuhi na kila jioni fungua friji, soma namba, iandike, funga. Namba tu."

Namba tu! Mtu aliyetengeneza majokofu ya mji huu tangu ujana wake, hana la kusema ila namba? Nitaandika namba na mengine nitaandika. Karatasi ni nyingi na mvua ndiyo kwanza inaanza. Nilisoma mpaka darasa la tatu, mwalimu akasema imetosha. Alikuwa na maana yake, mimi nina yangu.

Asubuhi: nne. Jioni: nne.

Jumanne, tarehe 12

Nne. Nne.

Leo nieleze, mtu akija kuliokota daftari hili asidhani ni la mwendawazimu anayeandika nne nne.

Binti anafanya kazi chuoni, maabara ya homoni. Juzi maji yaliingia chumba cha umeme, transfoma ikalia kama bunduki, giza. Jenereta iliyopo wamepewa wagonjwa wa hospitali ya chuo, na ni haki yao. Majokofu ya maabara yote yakawa makabati. Binti akazunguka mji na boksi lake kifuani kama mama mwenye mtoto wa homa. Mwisho akakumbuka kuwa ana baba, na baba ana friji ya gesi.

Friji hii walinicheka nilipoinunua. Haina mota, hailii, hainung'uniki, haingoji umeme wa mtu. Nyuma kuna kimoto kidogo cha bluu, na hicho kimoto ndicho kinacholeta baridi. Ukimwambia mtu moto unaleta baridi anakucheka. Nami namcheka siku nyama yake inaponuka. Sharti lake ni moja tu: isimame wima, isiiname hata kidogo. Tumefanana.

Ndani ya boksi mna vichupa sita, kila kimoja kama kidole cha mtoto. Nikamuuliza mna nini humo. Akavua viatu vyenye tope, akakaa.

"Ni kingamwili, Baba. Mwilini mwa mwanamke kuna homoni moja, ni kama tarishi. Inatoka chini ya ubongo, inapeleka habari kwamba yai likomae litoke. Sasa humu mna askari. Anamjua tarishi huyo mmoja tu kati ya maelfu. Ukimtia kwenye damu, anamkamata. Ndivyo tunavyojua tarishi yupo kwa kiasi gani."

"Na hao askari mmewaajiri wapi?"

"Wametoka kwenye seli moja ya panya. Tuliiunganisha na seli isiyochoka, ikazaana, ikazaana. Askari wote ni sawasawa, hakuna aliyetofautiana na mwenzake."

"Wa tumbo moja."

"Wa tumbo moja, Baba."

"Basi wanaelewana kuliko wewe na kaka zako."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mawingu yalipoanza kutua.

Halafu akaniambia lililo zito. Amewatafuta askari hao miaka miwili. Seli mama zimelala kwenye tangi la baridi kali pale maabara, na kama zi hai au zimekufa hakuna ajuaye mpaka umeme urudi waziamshe. Zikiwa zimekufa, basi hivi vichupa sita ndivyo vilivyobaki duniani kote, na kazi yake imeishia hapo. Visigande, visipate joto. Kuanzia nyuzi mbili mpaka nane. "Na Baba, hii si dawa. Ni ya utafiti wa maabara tu, imeandikwa hapa ubavuni."

Nikamwambia nimesikia.

Jumatano, tarehe 13

Nne. Nne. Mvua.

Ijumaa, tarehe 15

Nne. Jioni tano, kwa sababu nilifungua mara nyingi kutazama.

Nilikwenda kunyoa. Kinyozi wetu tunamwita Redio, na mwenye akili ameshaelewa kwa nini. Walikuwapo watu wanne wamekimbia mvua. Mmoja akasema friji za siku hizi ndizo friji, zile za zamani ni za kufugia kuku. Akanitazama mimi.

Ningenyamaza? Nikamwambia, "Kijana, ndani ya friji yangu ya kufugia kuku sasa hivi mmelala kitu ambacho chuo kizima kimekosa pa kukiweka."

Redio akasimamisha mkasi. "Kitu gani, Mzee Barafu?"

"Mambo ya uzazi. Kazi ya binti yangu. Yai la mwanamke haliendi popote bila habari ya kitu hicho."

"Yaani dawa ya kupata mtoto?"

Hapa ndipo mtu mwingine angesema hapana. Binti alisema ni ya utafiti, lakini neno utafiti nililiacha nyumbani, lilibaki juu ya friji. Nikasema, "Wewe ndiye uliyesema."

Walinipa kiti kizuri. Nimenyolewa vizuri kuliko siku zote.

Jumamosi, tarehe 16

Nne. Nne.

Wamekuja wanawake wawili, mmoja na mama mkwe wake. Nikawaambia bado haijaiva.

Jumatatu, tarehe 18

Nne. Nne. Wamekuja watano. Nimewaambia waende nyumbani mvua itawalowesha. Mmoja kaniambia nina roho mbaya. Mimi! Jana nimempa jirani barafu bure.

Jumanne, tarehe 19

Nne. Nne.

Leo amekuja Fundi. Huyu ni mshonaji wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kwa vile yeye ni fundi na mimi ni fundi tunaitana fundi mwenzangu. Alikuja na suruali yangu aliyoipunguza kiuno. Nimempenda tangu zamani kwa sababu hashoni ovyo, akikuambia Alhamisi ni Alhamisi.

"Shikamoo, fundi mwenzangu."

"Marahaba. Mumeo karudi?" Mumewe ni dereva wa lori.

"Kesho, akijaliwa. Yuko ng'ambo ya mto na mzigo wa saruji." Akaikunja suruali, akaikunjua, akaikunja tena. "Fundi, nimesikia maneno kwa Redio."

"Redio anasema mengi."

"Nina miaka tisa kwenye ndoa. Wifi yangu ananiita jiko lisilowaka. Mbele ya watu, sahani mkononi. Mume wangu hajawahi kunitamkia neno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nionyeshe tu. Sitaki kingine."

Ni nani angekataa? Nikafungua friji, nikafungua boksi, nikampa kimoja akishike. Alikishika kama kifaranga.

"Kidogo hivi?"

"Pilipili nayo ni ndogo."

"Isipokuwa baridi inaharibika?"

"Inakufa."

"Inanywewa au inapakwa?"

Na sasa niandike nilivyosema, maana hakuna mwingine aliyekuwapo. Sikuwa najua, na neno sijui sijalizoea mdomoni. Kwenye kazi yetu ukimwambia mteja sijui, anakwenda kwa fundi mwingine. Nikasema, "Inanywewa. Mke na mume pamoja, asubuhi, kabla ya chai." Ilinitoka vizuri, kama niliisoma mahali.

"Pamoja?"

"Lazima pamoja. Mtoto ni wa wawili."

Akaitikia polepole. Upepo ukapita chini ya mlango, nikanusa gesi, nikakimbilia nyuma ya friji kutazama kimoto. Kilikuwa kimezimika. Nilikiwasha, nikapiga magoti mpaka kiliposimama vizuri. Niliporudi, Fundi alishafunga boksi na friji, yuko mlangoni na mwavuli.

"Asante, fundi mwenzangu," akasema. Suruali imekaa vizuri sana.

Jumatano, tarehe 20

Nne. Nne. Mto umebeba daraja. Magari yote yamebaki ng'ambo.

Alhamisi, tarehe 21

Tano. Tano.

Mtungi wa gesi wa friji umekuwa mwepesi. Nimekwenda kwa muuza gesi, ananionyesha duka tupu. Gesi ipo ng'ambo, daraja halipo. Nimefungua mtungi wangu wa kupikia nimeufunga kwenye friji. Nakula mkate mkavu na maji. Askari wa binti wanakula moto, mimi nakula baridi. Sijamwambia, ila ataliona hapa, na nataka alione.

Ijumaa, tarehe 22

Nne asubuhi.

Niliamua kupangusa ndani ya friji, maana unyevu wa mvua unaleta ukungu. Nikatoa boksi, nikafungua. Vitano.

Nikahesabu kwa kidole. Vitano. Nikatazama chini ya friji, nyuma, ndani ya viatu vyangu. Vitano.

Mwizi nilimjua hapo hapo. Redio alikuja Jumatano kuomba barafu. Nikaenda kwake bila mwavuli.

"Kilete!"

"Nilete nini, Mzee Barafu?"

"Unakijua! Kinyozi mzima unaiba kwa mzee!"

Mteja alikuwa na povu nusu ya uso. Redio akaweka wembe chini, akanivuta pembeni, akasema taratibu, "Mzee, mimi nina watoto saba. Dawa ya kupata mtoto naitakia nini? Kama ungekuwa na ya kuwazuia ningekuja na ngazi."

Watu wakaangua kicheko. Nikarudi nyumbani nimelowa. Redio ni domo kaya, lakini mwizi siye. Nilimkosea, na mbele ya watu. Ukurasa huu nitauchana kabla binti hajaja.

Jioni: nne.

Jumamosi, tarehe 23

Nne. Nne. Nimekitafuta kichupa hata ndani ya debe la unga.

Jumapili, tarehe 24

Leo ni lazima niandike yote, na ukurasa wa juzi sikuuchana, wala huu sitauchana.

Binti alikuja asubuhi mapema, na mkoba begani. Kasema mafundi wanaunganisha umeme na siku mbili tatu hizi utawaka. Alikuwa na furaha. Akanishika mkono, "Baba, umetuokoa." Akafungua friji, akafungua boksi. Nikamwona anahesabu kwa midomo.

"Baba, kimoja kiko wapi?"

"Kipimajoto hakijawahi kupita tano."

"Baba."

Nikamweleza. Wanawake waliokuja, Redio, boksi, vitano. Kila nilivyosema, uso wake ulizidi kusawajika. Nilidhani anakililia kichupa. Akasema, "Kichupa niache nacho mimi. Humo ndani tumeweka dawa ya kuzuia wadudu, isioze. Ni sumu. Ni kidogo, lakini ni sumu, si kitu cha kupita koo la mtu. Na hata kama isingekuwamo, hao askari kazi yao ni kumkamata yule tarishi. Hawaleti yai, Baba. Wanamkamata mleta yai! Nani amekichukua?"

Sumu. Na papo hapo nikaikumbuka ile sauti: inanywewa au inapakwa? Nikakumbuka mwavuli mlangoni. Fundi hakuniaga kama siku zote. Siku zote ananitania kiuno changu.

"Fundi," nikasema. "Lakini nilimwambia anywe na mumewe, na mumewe yuko ng'ambo ya mto."

"Jana jioni wamevusha magari kwa pantoni," binti akasema. "Mimi mwenyewe nimeyaona yakipita."

Nikachungulia dirishani. Lori la saruji lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba ya tatu, matairi yana tope la njano mpaka juu. Ilikuwa asubuhi. Kabla ya chai. Maneno yangu mwenyewe.

Sijakimbia tangu mama yake binti alipokuwa hai. Leo nilikimbia. Ndala moja iliachwa na tope, sikurudi kuichukua. Mlango wa Fundi haukufungwa kwa komeo, niliusukuma kwa bega.

Walikuwa mezani, wamevaa nguo zao nzuri. Yeye gauni la kijani alilolishona mwenyewe, Dereva shati jeupe na mikunjo ya pasi, Jumapili ya watu waliotegemea jambo. Birika la chai liko pembeni, halijamiminwa. Mbele yao vikombe viwili vidogo, na kichupa kimesimama katikati. Fundi alikuwa ameshika kifuniko chake kwa vidole viwili.

"Usifungue!"

Dereva akainuka. "Mzee, kuna nini? Karibu kwanza."

"Usifungue, mwanangu, nakuomba. Si dawa. Haijawahi kuwa dawa. Ile ya kunywa na mumeo, ile ya kabla ya chai, niliitunga. Niliitunga pale pale nimesimama, nimeshika mlango wa friji. Ndani mna sumu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Fundi alikitazama kichupa, akanitazama mimi, miguu yangu, ndala moja. Kisha akatoa vidole vyake kwenye kifuniko kimoja kimoja.

"Miaka tisa," akasema. "Wamenidanganya wengi, na wote walinidanganya kwa bei. Wewe, fundi mwenzangu, umenidanganya bure."

Ningetamani anitukane. Nikasema, "Ndiyo."

"Nilikuibia. Nimekaa siku zote hizi sijakuangalia usoni kwa sababu nilikuibia. Nilikiweka ndani ya mtungi wa maji wa udongo, usiku nakwenda kuushika nione kama bado ni wa baridi. Nilikitunza kama..." Hakumalizia. Dereva akamwekea mkono begani, mkono mkubwa, una saruji kwenye kucha.

"Mbona hukunywa?" nikamuuliza, maana mimi ni mpumbavu na nilitaka kujua.

"Si ulisema pamoja? Ningekunywa siku ile ile ya Jumanne. Ulisema mtoto ni wa wawili, nikamngoja. Daraja likaenda na maji, nikalilaani lile daraja kila siku."

Hapo nilikaa chini sakafuni. Sikuombwa kukaa. Nililia, na binti alinikuta nalia alipoingia na mvua yote mwilini. Alikiona kichupa mezani kimefungwa, akatoa pumzi ndefu mpaka akashika ukuta.

Na huyu binti yangu, ambaye kazi yake ya miaka miwili ilikuwa imesimama pale kati ya vikombe, hakukigusa kwanza. Alivuta kiti karibu na Fundi. "Dada, umekinywa hata tone? Umejipaka?"

"Hata tone."

"Alhamdulillahi," akasema Dereva, akakaa chini kama gunia.

Walizungumza muda mrefu. Nilisikia nusu. Binti alimwambia, "Chetu hiki ni cha kupimia tu, na tunapimia vitu vya maabara, si watu. Lakini hospitali wapo askari wa namna hii waliokubaliwa kupima watu. Watachukua damu yako, watamtafuta tarishi huyu na wenzake, mmoja mmoja, waone nani amekwama njiani. Umewahi kupimwa?"

"Naona haya."

"Mficha uchi hazai," akasema Dereva. Akasafisha koo. "Na mimi nipimwe. Si mtoto ni wa wawili? Mzee kasema."

Fundi akacheka. Alicheka na machozi, lakini alicheka, na chai ikamiminwa. Vile vikombe viwili aliviosha mara tatu kwanza.

Jioni: nne. Vichupa sita.

Jumatatu, tarehe 25

Nne. Nne. Nimekwenda kumwomba Redio radhi, mbele ya watu wale wale. Kaniambia nimesamehewa tangu juzi, maana wateja waliongezeka kuja kusikiliza. Pia nimewaambia wote kuwa kwangu hakuna dawa na hapakuwahi kuwa na dawa. Ilikuwa ngumu kuliko kupandisha friji ghorofani.

Jumanne, tarehe 26

Nne. Nne. Ndala imeonekana.

Alhamisi, tarehe 28

Umeme ulirudi jana. Binti kachukua boksi na kanichukua mimi. Kanivika koti jeupe, nimefanana na daktari, ila sikumwambia mtu yeyote kuwa mimi ni daktari.

Kile kichupa cha mtungini alikiwekea alama ya kalamu nyekundu. Akasema kimekaa siku tano kwenye maji ya nyumbani, huenda askari wake wamelegea wote. Ana sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo. Akatia hiki, akaosha, akatia kile, akaosha, tukangoja. Kungoja kwao ni kwingi. Fundi wa friji naye hungoja, lakini hungoja amekaa.

Mwisho akatia maji fulani, vishimo vikaanza kugeuka bluu, ndiyo ishara kwamba askari wamekamata. Safu ya vile vichupa vitano ilikuwa bluu. Safu ya alama nyekundu ilikuwa maji matupu. Nikatazama pembeni. Nikasikia binti ananong'ona, "Taratibu, taratibu." Nilipogeuka, safu nayo ilikuwa inapanda, bluu hafifu, halafu bluu kama kimoto changu. Akatia tone la mwisho, vyote vikawa njano ya kiini cha yai.

"Wako kazini, Baba. Wote."

Aliegemeza kichwa begani kwangu, na koti lile jeupe lililowa machozi. Nikamwambia mtungi wa udongo ni friji ya babu zetu, haina hata kimoto. Akasema, "Baba, ungeweza tu kusema hujui."

"Darasa la tatu hawakufika hapo."

"Basi tutasoma. Sema: sijui."

Nilisema. Haikuniua.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi mpya

Nne. Hamna kitu ndani ila chupa ya maji, lakini mkono umezoea.

Binti kaja mbio saa ya chakula. Wameziamsha seli za kwenye tangi. Siku tatu hazikutikisika, leo zimegawanyika. Zi hai! Anasema zinakua kama hazikuwahi kulala, na baada ya siku chache zitatoa askari wapya, wa tumbo lile lile. Kazi yake itaendelea. Alikula mkate wangu wote amesimama.

Nimekwenda nyuma ya friji nikakitazama kimoto kwa muda.

Jumatatu, tarehe 15

Nne. Mvua imepungua, inanyesha usiku tu kama mtu mwenye haya.

Fundi na Dereva wametoka hospitali na wakapitia kwangu kwanza kabla ya kwao. Damu ilipimwa zaidi ya mara moja, kwa kufuata siku zake za mwezi. Dereva hana neno. Fundi ana tezi ya shingoni, imelala, haifanyi kazi yake, na hiyo ndiyo inayowachanganya matarishi wote wa chini. Amepewa vidonge vya kuiamsha. Daktari hakuahidi mtoto. Kasema watajaribu, na wengi hufanikiwa.

Nikawawekea karanga. Fundi akasema, "Miaka tisa nilidhani nina laana, fundi mwenzangu. Kumbe ni tezi. Tezi! Yule wifi yangu inabidi nimtafutie jina jipya la kuniita." Akavuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani. "Hata asipokuja mtoto, hiyo laana nimeivua."

Dereva alikuwa anakula karanga zangu, amefurahi.

Jumamosi, tarehe 20

Jua.

Fundi ameniletea zawadi. Ni shuka la kufunika friji, la kijani, kitambaa kilichobaki kwenye lile gauni lake. Limeshonwa kwa vipimo, limekaa kama suti, nyuma ameacha nafasi kwa ajili ya kimoto, na mbele ameweka kamba za kufunga, fundo juu ya fundo.

"Hizi kamba zote za nini?"

"Ukitaka kumwonyesha mtu kilichomo, uwe na muda wa kufikiri kabla hujamaliza kufungua."

Hakuna aliyewahi kunitukana vizuri hivyo. Nimelifunga lote.

Alasiri nilikwenda kunyoa. Yule kijana wa friji za kufugia kuku alikuwapo. Redio akanifunga kitambaa shingoni, akasema kwa sauti ya kila mtu, "Haya, Mzee Barafu! Wanasema binti yako kule chuoni anapewa chumba chake mwenyewe cha kazi. Kule kwako kwenye friji mna nini siku hizi?"

Binti amepewa kweli, nina habari yote tangu Alhamisi. Na ile sahani niliiona kwa macho yangu, na koti nililivaa. Maneno yalikuja yakajaa mdomoni kama maji ya mto ule uliobeba daraja. Yule kijana ananitazama. Nikahesabu kamba za Fundi, moja moja.

"Maji ya kunywa," nikasema.

Redio akaweka mkasi chini, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jioni: nne.